Neno Nililolikata

Mke wangu anauza maneno. Anakaa kwenye kibanda cha kioo katika kituo cha mabasi, mbele ya kipaza sauti, tangu asubuhi hadi jioni, akiwatangazia watu basi gani linaondoka, lipi limechelewa, na nani amesahau mzigo wake. Akirudi nyumbani koo limekauka, hana hamu ya kutamka hata jina lake. Mimi ni fundi cherehani. Ninashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na sikuzaliwa na maneno mengi. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa tulivu. Majirani walitusifu, wakasema hawajawahi kutusikia tukigombana.

Katika utulivu huo ndimo alimokulia binti yetu. Alipozaliwa alikuwa mdogo mno, mama yake akasema, "Huyu ni kama kifungo cha shati." Basi tukamwita Kifungo, na jina lake la cheti likabaki kwenye cheti. Alitembea kwa wakati wake. Alipanda kila kinachopandika. Alijua kutofautisha mkasi wa kitambaa na mkasi wa karatasi, na nikimnyooshea kidole alijua ni upi ninaoutaka. Lakini alipotimiza miaka miwili na miezi minane, maneno aliyokuwa nayo yalikuwa manne: mama, baba, mai, yaani maji, na sema.

Hilo la mwisho alilipata kwa shangazi yake. Dada yangu mkubwa anakaa mtaa wa pili, na kila akija alikuwa anampakata mtoto na kumwanza: "Sema shangazi. Haya, sema shangazi. Sema." Alifanya hivyo kwa miezi bila kuchoka, hadi siku moja Kifungo akamtazama usoni, akamshika kidevu, akasema, "Sema."

"Mnaona?" dada akatuambia. "Ameniitikia."

"Amekuita, wifi," mke wangu akasema. "Anadhani ndilo jina lako."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku hiyo dada akitokea mlangoni, Kifungo alimkimbilia akiita, "Sema, Sema." Sisi tulicheka. Dada hakucheka sana.

"Mtoto ana ulimi mzito," alisema. "Na ulimi mzito katika ukoo huu tunajua ulipopitia."

Alikuwa ananitazama mimi.

Si uongo, nilichelewa. Ninaambiwa nilikuwa naikaribia miaka mitano ndipo nikatoa neno la kueleweka, na watoto wenzangu waliniita Kisiki. Siku baba aliponipeleka shule, mwalimu aliniuliza jina langu, nami nikatazama viatu vyake. Vilikuwa vya kahawia, kimoja kamba yake imekatika ikaungwa fundo. Akasema nirudi mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata nikavitazama viatu vilevile. Mwaka wa tatu baba hakunipeleka. Simlaumu, wala mwalimu simlaumu. Alikuwa na watoto wengi, na mimi sikuwa nimemwambia kitu. Kusoma nilijifunza ukubwani, nikijifunza ushonaji, kwa magazeti ya zamani ambayo fundi wangu aliyakata kwa umbo la nguo kabla ya kugusa kitambaa. Ndiyo maana nasoma vizuri, ila habari nyingi ninazozijua zinaishia kwenye kwapa.

Chekechea ya mtaani kwetu ilikuwa inapokea watoto wa miaka mitatu, na muhula ungeanza baada ya miezi minne, yeye atakapotimiza umri huo. Tulikwenda kuulizia nafasi. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ameitundika shingoni kwa kamba, na alituambia waziwazi.

"Simtaki mtoto anayejua kuhesabu, hiyo kazi ni yangu. Nataka anayeweza kuniambia anachokosa. Maji, choo, tumbo linauma. Nina watoto thelathini, siwezi kukaa nabahatisha."

Yalikuwa maneno ya haki. Lakini jioni ile nilitunga uzi kwenye sindano mara tatu ndipo ukapita. Kila nikifumba jicho moja, niliona kiatu chenye kamba iliyoungwa fundo.

Nesi wa kliniki ya watoto alitutuma kwa mama mmoja anayeshughulika na usemi wa watoto. Huyo hakuanza na ulimi. Alituagiza kwanza tukapime masikio ya mtoto, na masikio yakaonekana mazima. Akamkagua mdomo, akacheza naye sakafuni na vikombe vya plastiki, muda mrefu, bila kumwuliza lolote. Kisha akanigeukia mimi.

"Mchana anakaa na nani?"

"Na mimi."

"Mnaongea nini?"

Nikafikiri. "Tunaelewana," nikasema.

"Sijauliza kama mnaelewana, baba. Hilo naliona. Nimeuliza mnaongea nini."

Mke wangu akatazama dirishani. Yule mama akatoa daftari jembamba kwenye mtoto wa meza, akanipa. "Chagua siku moja. Andika kila neno unalomwambia, kuanzia anapoamka mpaka anapolala. Usijirekebishe. Niletee kama lilivyo."

Mimi mtu akinipa kipimo ninatulia. Siku ya pili nilifunga kalamu kwa uzi kwenye mguu wa meza, nikaanza. Jioni nikajumlisha. Nilikuwa nimemwambia mwanangu mambo ishirini na matatu kwa siku nzima, na kumi na manne yalianza kwa usi. Usiguse. Usishike. Usipande. Usitie mdomoni. Yaliyobaki yalikuwa njoo, kaa, kula, lala na ndugu zake. Hakukuwa na swali hata moja. Nililisoma lile daftari nikiwa nimeketi kwenye kiti cha cherehani, na kwa mara ya kwanza nikaisikia nyumba yetu jinsi ilivyokuwa.

Yule mama aliposoma hakucheka. "Hapa naona mtu anayemlinda mtoto na sindano," alisema. "Si vibaya. Ila wewe, mtu akikuambia usi, usi, kutwa nzima, utamjibu nini?"

Nilitafuta cha kujibu, nikakosa. Akatikisa kichwa kama aliyepata alichokuwa anakitaka.

Basi akatufundisha, na mambo yenyewe yalikuwa madogo hata nikaona aibu. Nitaje ninachofanya wakati ninakifanya, kwa maneno machache. Kisha ninyamaze, nimngoje mtoto. Nisimwambie sema. Akitoa neno nusu nimrudishie zima, bila kumsahihisha. Nimpe vitu viwili achague, nisimpe tu ninachojua anakitaka. Na kila neno jipya niliandike.

"Nimngoje kwa muda gani?" niliuliza.

"Mpaka uone mdomo wako unataka kufunguka tena. Hapo ngoja zaidi kidogo."

Hicho hakikuwa kipimo. Nilipofika nyumbani nilijitafutia changu: nikisema neno, nazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, polepole, mishono kumi. Hapo ndipo naruhusiwa kufungua mdomo.

Asubuhi ya kwanza nilitandika kitambaa mezani, nikashika mkasi. Kifungo alikuwa chini ya meza na kopo lake la vifungo vikubwa vya makoti, vile visivyoweza kumezwa.

"Nakata," nikasema.

Kifungo akachungulia kutoka chini ya meza, akatazama mlangoni kuona nani ameingia.

"Nakata kitambaa. Kata, kata. Kitambaa cha bluu."

Akanitazama kama unavyomtazama ng'ombe aliyekusalimia. Nikaendelea. Nachora kwa chaki. Napima. Mkono mrefu, mkono mfupi. Natunga uzi. Pasi ya moto, moto huo. Kufikia saa nne koo lilikuwa linaniwasha, nikamwelewa mke wangu kwa jambo ambalo miaka yote sikuwahi kumwelewa.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja kuegemea dirishani. Huyu ni rafiki yangu, na kazi yake humpa muda mwingi wa kuongea kati ya kichwa na kichwa. Nilikuwa na koti lake tangu mwezi uliopita.

"Fundi, unaongea na nani humo?"

"Na binti yangu."

"Yeye anasemaje?"

"Bado."

"Na koti langu?"

"Bado."

"Basi nyote wawili hamna jipya," akasema, akaenda zake.

Siku ya tisa, nilikuwa ninapunguza pindo la gauni. Nikasema, "Kata, kata," nikazungusha gurudumu. Mshono wa saba, sauti ikatoka chini ya meza: "Tata."

Nilitaka kuruka. Lakini nilikuwa nimefundishwa. "Ndiyo," nikasema taratibu, "baba anakata." Halafu nikaandika kwenye daftari: kata.

Baada ya hapo yakaja kwa vipande. Udi, yaani uzi. Pati, yaani pasi. Nilimshikia mabunda mawili ya uzi. "Mweusi au mweupe?" Mwanzo alichukua yote mawili, akaenda nayo. Nikamtengea mengine. Wiki ya nne akasema, "Mweu," ambalo halikunisaidia sana, lakini nililiandika.

Mke wangu ilikuwa vigumu kwake. "Nimesema kutwa nzima," aliniambia. "Sauti imebaki kituoni." Sikubishana naye. Nilijua siyo ukaidi, ni uchovu. Jioni moja Kifungo alikataa kuoga. Alijibanza nyuma ya kiti, amebinya midomo. Mama yake alikuwa amekaa amevua viatu, na nadhani ni uchovu wenyewe uliomtoa ile sauti, ile ya kazini, ndefu na ya puani:

"Tangazo. Tangazo kwa abiria. Abiria wote wanaoelekea kwenye beseni, basi lenu linaondoka sasa hivi. Abiria aliye nyuma ya kiti, anaombwa afike haraka."

Kisha Kifungo akatoka, akaja mbio, akaingia kwenye beseni na nguo zake.

"Tende," akasema. Twende.

Mama yake aliweka mkono mdomoni. Tangu jioni hiyo nyumba yetu ilikuwa na ratiba. Kulikuwa na basi la kitandani, basi la uji, na basi la kuvaa soksi, ambalo lilichelewa kila siku kwa sababu za kiufundi. Mke wangu aliniambia kwamba maneno yale ya nyumbani hayamchoshi kama ya kituoni, na hakujua kwa nini. Mimi pia sikujua. Niliandika tu: twende, shuka, soti, yaani soksi.

Aliyebaki alikuwa dada. Nilimweleza kuhusu neno sema, kwamba tusilitumie tena.

"Sasa nikimpakata nitamwambia nini?"

"Unachofanya."

"Sifanyi kitu. Nimekaa."

"Mwambie umekaa."

Dada ni mtu mzito wa kubadilika, lakini akishakubali habaki nyuma. Akajiweka sawa kwenye kiti. "Shangazi amekaa," akamwambia Kifungo. "Shangazi ametembea juani. Shangazi miguu inamuuma. Shangazi amefika kwa mdogo wake tangu saa ile na hajapewa hata chai."

Nikazungusha gurudumu. Mshono wa nne, Kifungo akaniangalia mimi, akasema, "Tai."

"Ndiyo," nikasema. "Chai. Baba anakwenda kumpikia chai."

"Mtoto ana adabu kumshinda baba yake," dada akasema. Nilipotoka jikoni nilimkuta akimweleza habari za goti lake la kushoto, kwa kirefu, na Kifungo amelishika goti lenyewe kwa mikono miwili.

Neno lililonisumbua lilikuwa la ishirini na moja. Siku hiyo nilikuwa nyuma, natia makaa kwenye pasi. Kifungo alikuwa juu ya benchi la dirishani, mahali alipokatazwa kupanda. Nikamsikia kinyozi.

"Habari ya saa hizi, mama. Koti langu vipi?"

Kisha nikamsikia mwanangu, kwa sauti ya chini, ya upole, kama yangu:

"Bado."

Kinyozi akashusha pumzi. "Haya. Nitapita kesho," akasema, na viatu vyake vikavuka barabara.

Mchana huohuo mtaa mzima ulikuwa umepata habari. "Fundi ameajiri karani," kinyozi aliwaambia wateja wake, wembe mkononi. "Yeye anadanganya kwa hesabu, binti anadanganya kwa moyo mkunjufu."

Niliandika bado, namba ishirini na moja. Nikalitazama. Halafu nikapiga mstari juu yake.

Nililijua neno hilo lilikotoka. Sisi mafundi tunalisema hata kabla hatujaulizwa. Mteja mmoja aliwahi kuniambia kwamba siku ya kufa kwangu atakuja mtoa roho, nami nitamwambia bado, apite kesho. Sikutaka mwanangu aingie duniani na neno hilo mkononi. Na tena lilikuwa la kuiga. Nilitaka kumhesabia yaliyo yake.

Wiki ya sita tulirudi kwa yule mama wa usemi. Alisoma daftari kwa kidole, mstari kwa mstari, kidole kikasimama.

"Hili umelikata kwa nini?"

"Si lake. Ni langu. Anaiga tu. Hata kasuku husema."

"Kasuku husema wakati wowote. Yeye hulisema wakati gani?"

Sikujua. Mimi ninayempima mtu kiuno mara tatu kabla ya kukata kitambaa chake, neno la mwanangu nilikuwa nimelikata bila kulipima.

"Nikikusikiliza," akasema, "wewe unataka idadi. Idadi ni nzuri. Lakini angalia pia analitumia lini, na anapata nalo nini." Akanirudishia daftari, wala hakuniambia nilifute au nilirudishe.

Nikawa naangalia. Siku moja uji ulikuwa wa moto, mama yake alipomsogezea kijiko, Kifungo akakipuliza, akakirudisha, akasema, "Bado." Hiyo nikaihesabu moja. Siku nyingine, jioni, basi lilipita barabarani bila kusimama. Alikuwa mlangoni anamngoja mama yake. Akasema, "Bado," akarudi ndani kwenye vifungo vyake. Hiyo ya pili. Lakini mimi nilifundishwa kupima mara tatu. Nikaacha mstari ulivyo.

Wiki ya kumi ikafika, na pamoja nayo siku ya watoto kupimwa chekechea. Kwenye daftari kulikuwa na maneno thelathini na manne, na moja lililokatwa. Nilijua si mengi. Nilikuwa nimewasikia watoto wa umri wake barabarani wakigombana kwa sentensi nzima. Mke wangu alikuwa na zamu ya asubuhi, hakuweza kuja nasi. Alimfunga Kifungo kamba za viatu mlangoni, akanyanyuka, akanirekebisha kola.

"Usimsemee," akaniambia.

"Mimi?"

"Wewe. Siku hizi huishi kuongea."

Chumba cha chekechea kilikuwa na viti vidogo vya mbao vilivyopangwa nusu duara, na harufu ya chaki na sabuni. Watoto walikuwa saba, kila mmoja na mtu wake nyuma yake. Mwalimu mkuu alikaa mbele na daftari kubwa, kopo la kalamu za rangi karibu na kiwiko chake. Alimwita mtoto mmoja mmoja kwa utaratibu, akamwuliza jina, akamwuliza akitaka maji atasemaje, kisha akaandika. Mmoja aliimba. Mmoja alisema jina lake, la baba yake, na la mbwa wa jirani.

Kifungo alikuwa wa mwisho.

"Na wewe mwenzetu, unaitwa nani?"

Kifungo akatazama viatu vya mwalimu.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, magoti yamenifika kidevuni kwa ule ufupi wa kiti. Neno lilinijia mpaka kwenye meno: sema. Nikalibana. Sikuwa na gurudumu, basi nikazungusha kidole gumba juu ya goti. Mshono mmoja, wa pili, wa tatu.

"Ukiwa na kiu, unamwambiaje mwalimu?"

Wa sita, wa saba. Alikuwa na neno la maji tangu kabla ya yote haya. Lilikuwa neno lake kongwe. Wa kumi ukapita. Nikashona mingine kumi.

"Mwalimu," nikasema, "naomba umwongezee muda kidogo tu. Huwa anajibu, ila anachelewa."

Mwalimu alivua miwani. Hakuwa mkali. "Baba, naona unavyompenda. Lakini muhula ukianza hatakuwa peke yake hapa, na mimi sitakuwa na huo muda. Hana haraka, bado mdogo. Mlete mwakani." Akafunga daftari lake kubwa.

Mwakani. Nililijua neno hilo pia, na mahali linapoishia. Nikamshika Kifungo bega ili tuinuke. Bega lake halikuinuka.

Mwalimu alikuwa ameshachukua lile kopo. Alipita mbele ya viti akigawa, kalamu moja kwa kila mtoto, ya kwenda nayo nyumbani. Alipofika kwa mtoto wa sita, mmoja aliangusha yake, ikaviringika chini ya kabati, akalia, na mwalimu akainama kuitafuta. Aliponyanyuka alipangusa mikono, akafunga kopo.

"Haya, wanangu. Wote mmepata?"

"Ndiyo," watoto wakajibu kwa pamoja.

Ile sauti ya pamoja ikaisha. Hapo mwanangu akasema, kwa upole, kama mtu aliye dirishani:

"Bado."

Mwalimu akageuka. "Nani bado?"

Nikabana meno. Kidole gumba, goti. Mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Na mwalimu naye, sijui kwa nini, alingoja.

Kifungo akaweka kiganja kifuani. "Mimi bado," akasema.

Hakuwahi kuunganisha maneno mawili kabla ya siku hiyo. Mwalimu alivaa miwani yake, akatembea hadi kwenye kiti chetu, akachuchumaa. Akatoa kalamu mbili kwenye kopo, moja kila mkono.

"Kweli, wewe bado. Nimekosea. Unataka ipi, nyekundu au bluu?"

Kitu hicho alikijua. Alikuwa amekifanya kila siku kwa wiki kumi kwa mabunda ya uzi. Akazitazama zote mbili bila haraka ya mtu yeyote.

"Buu," akasema.

"Bluu," mwalimu akamwambia, akampa. Hakumsahihisha, alimrudishia zima, nami nikawaza kwamba hii kazi anaijua. Alirudi mezani, akafungua daftari lake tena, akaniuliza jina la mtoto la kwenye cheti. Nikamtajia. Akaliandika.

"Mwalimu, hujamsikia akiomba maji," nikasema. Mke wangu angenifinya.

"Nilisema nataka mtoto anayeweza kuniambia anachokosa," akajibu, bado anaandika. "Hao sita nimewauliza mimi. Huyu ameniambia bila kuulizwa."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye na kalamu yake mbele, mimi nyuma nikitaja vitu vya njiani. Tulipofika niliketi kwenye kiti cha cherehani na lile daftari. Mstari uliopigwa kwa wino haufutiki. Basi niliandika bado upya chini kabisa, baada ya yote, na kabla yake nikaandika neno mimi.

Alasiri nilimaliza koti la kinyozi. Nilikuwa na nguvu ya kumaliza kitu. Nikalipiga pasi, nikalitundika dirishani ili alione mwenyewe kutoka ng'ambo, naye akaja akifuta mikono.

"Haliwezi kuwa langu," alisema. "Langu huwa bado."

"Tayari," nikamwambia. "Vaa."

Akalivaa pale barazani, akageuka kulia, akageuka kushoto, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Kifungo alikuwa juu ya benchi lake. Alimwangalia kwa makini, kuanzia kola, akashuka kwenye mkono, akasimama hapo.

"Bado," akasema.

"Tayari, mama," nikamwambia. "Koti la mjomba tayari."

"Bado." Akanyoosha mkono nje ya dirisha, akaushika mkono wa koti, wa kushoto, kwenye kifundo. "Tifungo bado."

Nikatoka nje, nikainama kutazama. Kwenye mkono wa kulia kulikuwa na vifungo vitatu. Kwenye wa kushoto vilikuwa viwili, na alama ya chaki mahali pa cha tatu.

Kinyozi alijitazama mkono, akamtazama Kifungo, kisha akanitazama mimi.

"Nimekuwa naongea na mtu siye miezi yote hii," akasema. Akavua koti, akalipitisha dirishani, akamkabidhi yeye. "Nipite kesho, fundi?"

Swali halikuwa langu. Kifungo alikuwa ameshashuka kwenye benchi na kuingia chini ya meza, na tulimsikia akipekua kopo lake, taratibu, akitafuta kinachofanana.